Mtungi Ulioelea

Sikuwahi kujua kwamba mtungi wa gesi uliojaa unaelea, mpaka masika ya 2017. Mvua ile ya Mei wengi wa Tanga wanaikumbuka. Ilipiga usiku kucha, na sisi pale Makorora nyumba yetu iko pabondeni. Maji yalipogusa chaga za kitanda mama akatuamuru tutoke: wadogo zetu mgongoni, mimi na kaka na mifuko ya unga na mchele kichwani, yeye na mkoba wake wa daftari kwapani. Kabla ya kufunga mlango alipita jiko la uani, maji yakiwa magotini, akaikaza koki ya mtungi. Tukaenda kulala kwa shangazi, Chumbageni.

Maji yalipotoka tukarudi. Tope lilikuwa limetanda sebuleni, gunia la makaa limelowa tepetepe, mlango wa bati wa jikoni umeng'oka. Jiko la plate mbili tulilikuta limelala kifudifudi chini ya meza. Mtungi haupo.

"Wameshaiba," kaka akasema.

Mama hakumjibu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akafuata njia ya maji kama mtu anayefuata kuku wake, nasi nyuma yake. Tuliukuta nyumba ya tatu, umenasa kwenye michongoma pamoja na mwenzake. Mitungi miwili ya kilo 15, rangi moja, yote imepakwa tope, yote ina regulata juu, kile kidude kinachopunguza nguvu ya gesi, na kipande cha mpira kinaning'inia.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jirani yetu, mama mmoja ambaye siku zote tunaazimana chumvi na vijiko, alifika akauwekea mkono mmoja ule mtungi mzito. "Huu wangu. Nimenunua juzi tu kwa ajili ya mfungo."

"Na sisi tumenunua juzi, dada," mama akasema.

Ramadhani ilikuwa inaingia mwishoni mwa mwezi ule ule, na kila mwenye uwezo alikuwa ameshajiwekea gesi. Kwetu ilikuwa zaidi ya futari. Mama alikuwa akiuza vitumbua na maandazi kila asubuhi kibarazani, na ndiyo pesa iliyokuwa inatulipia ada. Makaa yetu yalikuwa maji matupu, ya mtaa mzima vilevile, na aliyebaki na gunia kavu alikuwa anauza kwa bei ya kujitakia.

Binamu yetu aliyeko Uingereza alipiga simu kutupa pole, akauliza kampuni itafungulia gesi lini. Kaka alicheka sana. Kwetu hakuna bomba la kufunguliwa. Gesi asilia ya Songo Songo iligunduliwa 1974, bomba lake likafika Dar es Salaam 2004, nayo sehemu kubwa inaendesha mitambo ya umeme na viwanda. Tanga tunapikia gesi ya mitungi. Mtungi ukienda na maji, umekwenda, na kampuni yako ni wewe mwenyewe.

Balozi wa nyumba kumi aliitwa. Mama akafungua mkoba wake, akatoa daftari la madeni. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa unyevu lakini kalamu ya wino mzito haikufutika. Katikati ya majina ya wadaiwa wa vitumbua alikuwa ameandika: *Gesi 15. TW 16.4.* Tabia hiyo aliianza tangu muuzaji mmoja alipomuuzia mtungi uliokwisha kabla ya wakati wake. Tangu hapo haondoki na mtungi bila kusoma tarakimu zilizogongwa kwenye kola, pale karibu na koki. TW ni uzito wa chuma chenyewe kikiwa kitupu. Ongeza kilo 15 za gesi, upate uzito wa mtungi uliojaa. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wanataka muuzaji awe na mizani dukani na mteja apimiwe, lakini mimi wauzaji wengi niliowaona mizani yao ilikuwa mkono tu: ananyanyua, anatikisa, anasema "umejaa huo, mama."

Kaka akasugua tope kwenye kola kwa kidole gumba. Mzito ulikuwa 16.4. Mwepesi ulikuwa 15.8.

"Daftari lako, kalamu yako," jirani akasema. "Hata mimi nikienda ndani sasa hivi naandika."

Balozi alikuwa mtu wa taratibu. Alisema mitungi ipelekwe mashineni ikapimwe, kila mtu ajue kinachogombewa. Tukaisukuma kwa toroli hadi kwenye mashine ya kusaga nafaka, msafara wa watoto nyuma. Mzito ulisoma kilo 30 na kitu. Tulikuwa tumeshaupikia siku kadhaa, kwa hiyo hesabu ilikubali. Mwepesi ulisoma 19 kasoro, maana yake gesi iliyobaki ilikuwa kilo tatu.

Kesi ilimalizwa na mtoto wa jirani mwenyewe, wa darasa la pili hivi. Alikuwa amechuchumaa anaitazama mitungi kwa chini, akasema kwa furaha kabisa: "Mama, wetu huu hapa! Guu lake limepinda pale ulipoanguka kwenye bodaboda." Guu lililopinda lilikuwa la ule wenye kilo tatu. Balozi alikohoa. Sisi wengine tuligeukia mashine, tukajifanya tunaangalia pumba.

Kumbe kupata mtungi ilikuwa sehemu nyepesi. Mama alikwenda kwa wakala kununua regulata mpya, naye aliposikia habari ya mafuriko akasema mtungi huo umeingia maji, haufai, amletee ampe mwingine, ila atauhesabu kama mtupu. Yaani mama alipe gesi upya. Nilimwona mama akikunja uso.

"Maji yamepitia wapi, mwanangu? Koki niliifunga."

"Maji hayana mlango, mama."

"Na gesi je? Ina mlango?"

Aliondoka na regulata, mpira wa mita moja na nusu na klipu mbili. Mtungi akaubakisha nyumbani. Fundi wa majiko kutoka Ngamiani, aliyeletwa na shangazi, alimpa haki. Gesi ndani ya mtungi imebanwa kwa nguvu, alisema, koki ikiwa imefungwa inasukuma kutoka nje muda wote, maji hayawezi kuingia. Na ndani imekaa kama kimiminika chenye uzito wa nusu tu ya maji, ndiyo maana mtungi mzima ukaelea. Kinachokufa kwenye mafuriko ni vya nje.

Kaka alikuwa ameshaianika regulata ya zamani juani, anataka kuokoa pesa. Fundi akaichukua, akaitikisa sikioni kwangu. Chubwi, chubwi. Akaiweka juu ya jiwe akaipasua kwa nyundo. Ndani kulikuwa na utando wa mpira mwembamba kama sikio la popo, umeshikwa na tope la kijivu, na springi iliyoanza kupiga kutu. "Kuna kitundu hiki cha kupumulia," akasema, akakionyesha kwa ncha ya bisibisi. "Maji yanaingia hapa. Ukikausha nje, ndani bado. Utando ukigoma, gesi inakuja na nguvu yake yote jikoni." Kaka hakubisha tena.

Fundi akafuta mdomo wa koki kwa kitambaa kikavu mpaka kikatoka cheupe. Akafunga vifaa vipya, akakoroga sabuni ya unga kwenye kikombe, akapaka povu kila kiungo kabla ya kugusa kiberiti. Madirisha yote wazi, mlango wenyewe haukuwepo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kukaa, ndiyo maana alipiga magoti kunusa sakafuni. Kwenye koki, kimya. Kwenye jiko, povu likaota kipovu kimoja, kikakua, kikapasuka, kikaota kingine. Akakaza klipu nusu mzunguko. Kikakoma.

Moto wa kwanza ulikuwa wa njano, ukapiga sufuria masizi meusi. Tope lilikuwa limeziba tundu za gesi. Fundi akazichokonoa kwa sindano ya kushonea aliyoazimwa na mama, akapuliza, akawasha tena. Bluu.

Mama alimpikia chai ya tangawizi hapo hapo, akamlipa, na kesho yake alfajiri akakaanga vitumbua. Jirani alituma mtoto na sahani, kwa deni, na mama akaandika kwenye lile daftari. Regulata yake naye alibadilisha, fundi yule yule. Ile habari ya kilo tatu, lakini, hajaikubali mpaka leo. Anasema mtungi wake ulikuwa umejaa, gesi ilinyonywa na maji.