Dau la kuvulia samaki limepatikana, miezi mitano ya kubishana imeisha

Sisi tunakaa Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, mi nakaanga samaki na mume wangu ni mvuvi wa mshipi, miaka kumi na moja anakwenda na vyombo vya watu. Anayeijua kazi hii anajua mgao ulivyo, samaki wakiuzwa kwanza inatolewa hela ya petroli na barafu, afu chombo kinachukua fungu lake, afu ndo mabaharia wanagawana kilichobaki. Ile 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita kuna siku alirudi na elfu nne na vibua wawili, na alitoka alfajiri. Tangu siku ile tukaanza kuweka hela, tukakubaliana tutanunua chombo chetu wenyewe na kiwe cha tanga, maana upepo haulipiwi. Tulipofikia kununua ndo ugomvi ukaanza, chombo gani?

Yeye alitaka mashua kubwa, pima tano (kama mita tisa), ya kuingia watu sita na barafu yao wavuke mpaka nyuma ya kisiwa cha Mbudya walale huko huko. Mi nilitaka ngalawa. Nimekulia kwenye ngalawa, baba yangu alikuwa nayo, gogo la mwembe na ndubi zake, yale mabawa ya mbao ya pembeni, huku na huku haipinduki ovyo, mkirudi watu wawili mnaisukuma mpaka mchangani mnaenda kulala. Na bei yake ndogo. Tulikuwa na milioni tatu na ushee, nusu ya hiyo imetoka kwenye kikoba changu, hela ya kusimama mbele ya mafuta ya moto kila siku, sikuwa tayari kuiona inazama.

Sasa watu wakaingia kati. Shemeji yangu mmoja akasema mwanamke habari za chombo hazimhusu, yeye asubiri samaki ufukweni. Mwingine akasema tanga ni mambo ya zamani, kopeni mnunue faiba na mashine, kama vile hakuwepo petroli ilipopanda. Na mwenzangu wa kikoba, mtu ninayempenda sana, akaniambia mwachie baba watoto achague ndo ndoa inavyokaa. Mpaka leo hilo linanikera. Samaki nauza mi, madeni nalipa mi, chombo kikiharibika mafuta yatakayolala kwenye dumu ni ya kwangu, afu nisiwe na neno?

Katikati ya mabishano hayo mume wangu akatoa kishika uchumba. Laki mbili, kwa dalali mmoja aliyekuwa anauza mashua, hakuniambia mpaka usiku. Sikupiga kelele. Nilimuuliza kitu kimoja tu, Baba Salma, hiyo mashua umeiona ikiwa kavu? Akasema ameiona inaelea, saa kumi jioni, imepakwa rangi mpya, nzuri kweli. Hapo nikashtuka, maana ilikuwa siku za bamvua, yale maji makubwa, na huku kwetu bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi na kupwa ni saa nne asubuhi. Mtu anayekuita saa kumi anataka uione ikiwa majini, na asubuhi yake keshakumba maji yote yaliyoingia usiku.

Kesho yake saa nne tukaenda wenyewe bila kumwambia mtu, mi na ndoo zangu mbili za samaki na bisibisi ya kufungulia jiko. Dalali akatukuta pale akasema "shemeji rudini jioni maji yakijaa mtaiona ilivyo", nikamwambia ahsante tunaiangalia hivi hivi. Ilikuwa imelala ubavu kwenye mchanga. Hii mbinu nimeiona kwa baba yangu tangu mdogo na nashangaa watu wanaonunua vyombo kwa mamilioni hawaifanyi. Badala ya kutafuta maji yanapoingilia, unamimina maji NDANI uone yanapotokea. Tulimwaga ndoo kama ishirini na tano upande ulioinama, tunachota kwenye dimbwi lililobaki tunapanda tunamimina, watu wanatutazama, mgongo unauma, afu tukakaa chini kusubiri kama muda wa chai kuchemka.

Mwanzo hakuna kitu. Rangi ile nyeupe imetulia kabisa. Afu karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, upande wa mbele, pakaanza kuonekana mstari mwembamba mweusi kama jasho, ukarefuka ukafika dhiraa nzima, kama nusu mita, ikaanza tone moja moja, afu yakashikana ukawa mchirizi. Baba Salma akachuchumaa akaweka kiganja chini ya ule mshono, kiganja kikajaa. Akamwaga akaweka tena kikajaa tena. Dalali anasema hiyo kawaida, mbao zikikaa majini zitavimba zitafunga. Ni kweli mbao zikikauka zinaachia na zikiloa zinafunga, chombo kilichokaa juu mwezi mzima lazima kivuje siku za kwanza. Lakini hii kila jaa inaelea, itavimba lini tena? Nikapanda ndani nikachoma taruma, ule ubavu wa ndani unaoshika mbao, kwa ile bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini kama nimechoma muhogo wa kuchemsha. Nikachoma la pili hivyo hivyo. Nje kumepakwa rangi na deheni nene, yale mafuta mazito ya kupakia vyombo, juu ya mbao zilizoliwa na wadudu.

Mume wangu alinyamaza njia nzima mpaka tumefika nyumbani, afu akasema "Mama Salma, pale ningezama na watu." Mi sikumjibu, nilimtengea chakula. Katika laki mbili tulirudishiwa moja, baada ya kwenda kwa mjumbe mara tatu. Hiyo nyingine nimeshaisamehe.

Baada ya hapo alilainika lakini bado ngalawa hakuitaka, anasema barafu nitaiweka wapi. Mi nasema itaingia, yeye haiingii, siku ya tatu tunabishana kitu ambacho kinapimika. Nikasema twende tukachore. Maji yalikuwa yamepwa, mchanga umekuwa mgumu kama sakafu, tukachukua kamba ya nanga tukaifunga mafundo kila pima moja, tukachora ngalawa kwa kijiti ukubwa wake wenyewe. Urefu pima tatu, upana wa ndani shubiri mbili na nusu, hivyo ndivyo gogo lilivyo, huwezi kulitanua. Afu yeye na Salma wakaenda kulibeba friji bovu, lile ganda tunalotumia kuwekea barafu na samaki, wakalilaza ndani ya mchoro. Likatoka nje pande zote mbili. Tukaligeuza kwa urefu, likakaa kwa kubana na hakuna pa mtu kupitisha mguu. Nikakubali pale pale. Samaki wasio na barafu ndo wanaonitia hasara mimi kuliko mtu yeyote, changu akifika amelegea macho mteja anashusha bei nusu.

Tukachora na mashua ya pima tano. Friji likaonekana dogo kabisa mle, yeye akafurahi. Nikawapanga watu: Salma kaa kwenye usukani, mdogo wake shika demani, kamba ya tanga, baba yenu simama kwenye mlingoti. Haya tunabisha, upepo uko mbele, foromali, ule mti unaobeba tanga, inatakiwa kupinduliwa upande wa pili, nani anashika? Akawahesabu watoto akaangalia ile nafasi yote iliyobaki tupu. Pale wanatakiwa watu watano kila siku, na wakija wawili chombo kinalala, na jioni pima tano hamuisukumi familia, inabaki kwenye nanga na mlinzi wa kulipwa. Alikaa ndani ya ule mchoro kama dakika kumi, mchanga umemjaa kwenye suruali, afu akainuka mwenyewe akachukua kijiti akafuta kwa mguu huku akarudisha mstari ndani, akachora tena kule, akaniita nije nisimame. Ikatoka pima tatu kasoro kidogo urefu, dhiraa tatu upana. Friji limekaa, watu watatu wamekaa, mtu anapita. Hilo ni dau la mbao, wala si langu wala si lake. Nililipenda kabla hatujaliona.

Tulilipata Ununio, la mzee mmoja aliyechoka macho anataka kupumzika. Shikamoo yangu ya kwanza na ombi langu la pili ilikuwa kumwaga maji ndani, mzee akafurahi akasema huyu mama kafundishwa na nani, akaniletea ndoo yake mwenyewe. Lilivuja sehemu mbili, tone tone, kwenye misumari, na bisibisi iligonga taruma ikarudi. Tukaomba siku moja ya kulijaribu, akatupa. Ilikuwa msimu wa kaskazi, tukatoka asubuhi upepo bado mdogo tukafika Mbudya, kurudi umeshakaza, mi niko mbele na upo wangu, kata ya kutolea maji, nilikumba maji mara mbili tu. Lina tabia ya kuvuta kichwa kuelekea upepo kwa hiyo mkono wa usukani unachoka, hilo mume wangu alilijua kabla hatujafika nusu ya njia na akasema anaweza kuishi nalo.

Alitaka milioni mbili na laki nane, tukashuka kwa ajili ya tanga, limechanika chini na limechoka, tukamalizana mbili na nusu hivi. Nikashona kiraka mwenyewe cha turubai la buluu, sindano ya magunia na nyuzi za nyavu. Karatasi zikaandikwa serikali ya mtaa na watu wa BMU, kamati ya wavuvi ya ufukweni, wakashuhudia, majina mawili, lake na langu, hapo sikutaka mazungumzo. Ukipanga kulipia leseni na jaketi okozi usisahau kuzitengea hela mapema, sisi zilitukuta tumebakiwa na kidogo sana nikauza majiko mawili.

Sasa ni wiki ya saba. Mgao wa chombo unaingia kwenye kopo letu, na saa za jioni nikiwa jikoni naona kile kiraka cha buluu kinaingia kabla sijamwona mtu aliyeko ndani, moyo unatulia naongeza kuni. Bamvua linalokuja tunalilaza ubavu tulibabue nje kwa moto wa makuti na kulipaka deheni, fundi wa kalafati, yule wa kuziba mishono kwa pamba, keshasema elfu themanini na pamba juu yetu, Baba Salma anasema atamwomba ashuke na mi nimemwambia asiombe, yule anapiga mshono vizuri apewe yake yote.