Posho ya mtumishi ifike tarehe ileile, pamoja na ya kutolea

Usharika ukimtuma mwinjilisti na familia yake mbali, tuseme kutoka Moshi kwenda kwa Wadatoga, wafugaji wa kando ya Ziwa Eyasi, siku ya kuagana haipungukiwi kitu. Kwaya inaimba, wazee wanaweka mikono, mnada unachangamka, mbuzi mmoja ananunuliwa mara nne na kila mara anarudishwa. Shida huja mwezi wa nne au wa tano. Fedha ya mnada imekwisha, ahadi zimepoa, na huko aliko mtumishi ameanza kukopa unga dukani.

Kwa hiyo naanza na hesabu. Kaeni naye kabla hajafunga mizigo, mke wake awepo, mwandike kila kitu: chakula, kodi ya nyumba, ada, bima ya afya, mchango wa hifadhi ya jamii, akiba ya dharura, na nauli ya kuja nyumbani mara moja kwa mwaka ikigawanywa kwa 12. Hifadhi ya jamii ndiyo husahaulika, mtu akaja kuzeeka mikono mitupu baada ya kuutumikia usharika miaka 20. Bima nayo muulize kama inapokelewa kwenye hospitali iliyo karibu naye, maana kadi isiyopokelewa ni karatasi tu.

Jumla ikiwa Sh 600,000 kwa mwezi, msitafute ahadi za 600,000. Tafuteni za 900,000, yaani kaya 90 za Sh 10,000, kwa kuwa ni busara kutegemea theluthi mbili. Januari watu wanalipa ada, na kabla ya mavuno mfuko wa mkulima huwa mkavu. Hapo si kwamba imani imepungua; ndivyo mwaka wetu ulivyo. Tena mfuko uwe na posho ya miezi mitatu, yaani Sh 1,800,000, kabla hajaondoka, na isiguswe kwa bati la kanisa wala kwa jubilei. Mwezi mbaya unazibwa kutoka hapo, na mwezi wa mavuno unarudisha.

Kisha chagueni tarehe, kwa mfano 25, mtume siku hiyo hata kama bahasha hazijarudi zote. Mtu anayejua kitakachoingia na lini anaweza kupanga, kuweka chakula cha mwezi, kulipa deni na kulala. Anayepata laki nane leo kisha kimya cha miezi miwili hapangi chochote. Mkituma kwa simu, wekeni na ya kutolea; makato ya mwaka mzima ni madaftari na sare za watoto. Ulizeni pia ni mtandao gani una wakala wa karibu mwenye floti, asije akapanda pikipiki ya Sh 15,000 kwenda kutoa posho.

Tukitaja pikipiki: sharika nyingi hupenda kununua, kwa sababu inapigwa picha vizuri madhabahuni. Msinunue bila fungu la mafuta, oili, tairi, cheni, bima na leseni yake ya udereva. Bila hilo, pikipiki hulala nyuma ya nyumba, naye mtumishi huulizwa kila barua kwa nini hafiki vijiji vya mbali.

Jambo hili lisikae mikononi mwa mchungaji peke yake. Wachungaji huhamishwa, na anayekuja hamjui mtu aliyetumwa kabla yake. Makubaliano yaingie kwenye muhtasari wa baraza la wazee, kiasi na tarehe vikiwemo, na kamati ya watu watano ibebe kazi: mmoja fedha, mmoja barua, mmoja watoto, mmoja wagonjwa na misiba, mmoja mwenyekiti.

Huyo wa misiba ndiye ninayemwona wa thamani kuliko wote. Kinachomuumiza mtumishi wa mbali mara nyingi si jua la Eyasi, ni mama yake aliyebaki mgombani. Usharika ukipeleka sukari na sabuni kwa wazazi wake kila mwezi, ukatengeneza paa linalovuja, yeye kule anafanya kazi kwa moyo uliotulia. Msiba ukitokea, nauli itoke siku hiyohiyo kwenye akiba ya dharura, bila kusubiri kikao. Asipoweza kuwahi, wazee wasimame makaburini kwa niaba yake na wamsimulie yote baadaye. Watoto walio bweni hivyohivyo: siku ya kutembelea wanafunzi, wenzao wanakula wali na kuku na wazazi wao. Familia moja ya usharika ipewe watoto hao kwa majina, ifike kila mara.

Barua yake ya maombi iwe ukurasa mmoja, mambo matatu ya kuombewa, isomwe ibadani na jibu lirudi. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe mfupi wa maandishi hufika pale simu ya picha inapokwama. Swali la kwanza lisiwe "mmebatiza wangapi?" Likiulizwa kila mwezi, taarifa huanza kunenepa. Ulizeni mama mwinjilisti analalaje, nani rafiki yake pale. Na kama yuko mahali ambapo kubadili dini ni hatari, majina na picha za waumini wapya zisiingie kabisa kwenye makundi ya WhatsApp.

Kumtembelea: watu watatu, siku nne, mkiwa na chakula na mablanketi yenu. Msafara wa watu 12 humaliza akiba ya mwezi na kumpikisha mkewe usiku kucha. Awemo fundi mmoja, na mama mmoja wa kukaa na mkewe.

Akirudi likizo, wiki mbili za kwanza asihubiri. Apate nyumba, apimwe afya, alale. Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walilikusanya kanisa na kulieleza yote, kisha wakakaa hapo siku nyingi. Kwetu mtu hupewa dakika tano kati ya matangazo na sadaka. Tengeni mchana mzima, chai iwepo, watu waulize maswali, na mke wake apewe kipaza sauti pia akitaka.