Steringi Hafi

Jumamosi usiku mvua ilikuwa ile ya Tanga isiyojua kuaga. Mimi na kaka yangu tukajifungia sebuleni kwa mama, tukaweka kompyuta juu ya stuli na kuangalia tena Night of the Living Dead, ile filamu ya maiti wanaofufuka na kula watu. Nasema "tena" kwa mazoea tu. Aliyeiangalia tena ni yeye. Mimi niliianza miaka ishirini iliyopita na nimeimaliza juzi.

Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapa, utarudi ukishaiona. Ninachotaka kukisema hakisemeki bila kusema inaishaje.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 11, na kule Makorora mtoto wa kike hakuwa na shughuli kwenye kibanda cha video. Kibanda chenyewe kilikuwa mabati makuukuu, magunia yaliyoshonwa kuziba mwanga, mabenchi yenye misumari iliyochomoza, na TV chogo iliyopandishwa juu ya kabati kama mgeni rasmi. Kiingilio shilingi 50 kwa watoto. Kaka alinivisha kofia yake, akanikalisha katikati ya marafiki zake na kuniambia nikitoa sauti tu, ananiacha hapohapo. Nyumbani tulikuwa tumeaga tunakwenda madrasa.

Enzi hizo sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa picha, ilikuwa imeshavuma nchi nzima. Ungekuta picha la Kichina linazungumza Kiswahili cha Dar na hakuna aliyeona ajabu. Kibanda chetu hakikuwa na Lufufu. Kilikuwa na kijana mmoja aliyesimama kando ya TV na fimbo ya mpera, akitafsiri kwa mdomo na kumchapa mgongoni mtoto aliyeinuka. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, ila maneno hayakumpungukia hata siku moja. Mhusika akinyamaza, yeye anamsemea mawazo yake.

Na kulikuwa na sheria moja, ambayo hata watoto wa darasa la kwanza waliijua: steringi hafi. Atapigwa mwanzoni, atatekwa, atalala hospitali, lakini hafi. Adui ndiye anayekufa, tena akiwa wa mwisho. Picha ambalo hujui steringi wake ni nani halikuwa picha.

Siku hiyo ilipowekwa DVD, ile ya picha nyingi kwenye sahani moja, na kwenye jalada lake kuna mwanamume mwenye misuli ambaye ndani hayumo, TV ikaonyesha picha lisilo na rangi. Watu wakaguna. Mmoja akadai hela yake. Mtafsiri akawatuliza: "Tulieni, hii imepigwa usiku. Usiku una rangi?" Tukatulia. Ilikuwa imepigwa jua linawaka, kwenye makaburi.

Kaka na dada wanakwenda kuweka shada kwenye kaburi la baba yao. Kaka anamtania dada, anamtisha kwamba wanakuja kumchukua. Mtafsiri alilisema lile neno kwa sauti nzito ya puani, "Wanakuja kukuchukua, Barbra," na kaka yangu akanifinya ubavuni. Miezi mingi baadaye, kila tukipita uchochoro wa kisimani, alinisemea vilevile.

Kisha akaingia Ben, na kibanda kikasimama. Mtu mweusi mrefu, mwenye akili, anapigilia mbao madirishani na kutoa amri huku Wazungu wanalia. Hatukuhitaji kuambiwa. Steringi huyo.

Mengine mliyoona picha hili mnayajua: lori linaloteketea kwenye pampu ya mafuta, mtoto anayemuua mama yake kwa mwiko wa fundi, yule kaka wa makaburini anayerudi akiwa maiti na kumburuta dada yake nje. Hapo nililia, kofia na kila kitu. Ben akabaki peke yake chini ya nyumba, ana bunduki, anangoja kuche. Kukacha. Mbwa wakasikika, bunduki zikasikika, Ben akaanza kupanda ngazi. Umeme ukakatika.

Mtafsiri hakutuacha hivihivi. Alisimama gizani na kumalizia kwa mdomo: Ben akatoka, akakumbatiwa na askari, akapelekwa hospitali. Kumbe na Barbra alikuwa ameokolewa, wakakutana wodini, wakaoana. Tukapiga makofi. Wakati wa kurudi tukapita duka la Mpemba, kaka akaniambia nichague kashata, nikachagua ile kubwa iliyoungua kidogo pembeni. Nikaenda kulala nikiwa na amani.

Kwa hiyo kwa miaka ishirini Ben alikuwa mzima, ana mke. Nimewahi kulisimulia picha hili chuoni na kazini, na kila mara nikalimalizia na harusi. Kuna dada mmoja mjuaji wa filamu aliyeniangalia kwa huruma, nikadhani ni wivu.

Juzi nimeona mwisho wenyewe. Ben anasogea dirishani. Wale wenye bunduki wako nje, raia wenye kofia na mikanda ya risasi, wanatembea kama watu waliotoka kuwinda nguruwe. Wanamdhani ni maiti. Mmoja anaambiwa apige, na apige baina ya macho. Anapiga. Basi. Halafu zinakuja picha za mnato, za chengachenga kama za gazeti la zamani: kulabu za chuma, mwili unatolewa, kuni zinapangwa. Majina ya wasanii yanapita juu ya picha hizo bila haraka yoyote.

Nililia kwa namna nyingine kabisa na ile ya 2004. Kaka hakushtuka. Nililiona hilo, nikaliweka kiporo.

Kuna jambo jingine ambalo utoto hauwezi kukuonyesha. Mle ndani kuna bwana mmoja, Harry Cooper, mbishi, mwoga, mchoyo, anayeng'ang'ania kwamba wote washuke chini ya nyumba wafunge mlango. Kibanda kizima kilimtukana. Mtafsiri alimpa jina ambalo siliandiki hapa, mama anasoma. Lakini hesabu vizuri: Harry ndiye aliyekuwa sahihi. Mpango wa Ben ndio uliowaua karibu wote, na yeye mwenyewe alivuka usiku ule kwa kufanya kilekile alichokikataa, kushuka chini na kufunga mlango. Picha linakupa steringi umpendaye, kisha linamkosesha, kisha linamuua bure. Sidhani kama nimewahi kuona kitu kikatili zaidi ya hicho, na hakina hata tone la damu. Damu iliyomo, kwa taarifa yako, ni sharubati ya chokoleti. Kwenye picha lisilo na rangi hakuna atakayekushtaki.

Nilijiuliza picha la Marekani la mwaka 1968, lililopigwa karibu na Pittsburgh kwa kama dola 114,000, lilifikaje Makorora. Jibu linachekesha. George Romero na wenzake walilipa jina jingine, Night of the Flesh Eaters. Wasambazaji wakalibadilisha, na walipobandika jina jipya, mstari wa hakimiliki uliokuwa pamoja na lile la zamani ukapotea. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hakuna mstari, hakuna haki. Picha likawa la kila mtu, kama embe lililoangukia barabarani. Ndiyo maana lilijazwa kwenye kila DVD ya bei chee, na ndiyo maana mpaka leo unaweza kulipakua bila kumwibia mtu. Romero alikosa hela, sisi wa mabenchi ya misumari tukapata picha.

Ben aliigizwa na Duane Jones. Nafasi ile haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi. Alifanya usaili vizuri kuliko wengine, akapewa. Lilipigwa mwaka 1967. Kufikia Oktoba 1968 lilipotoka, Martin Luther King alikuwa ameshauawa kwa risasi mwezi Aprili, na hakuna aliyeweza kuziangalia zile picha za mnato kama vile hakuna kilichotokea. Jones mwenyewe alisimulia baadaye kwamba yeye ndiye aliyeshikilia Ben afe, kuliko kuokolewa kwa mwisho wa kubandika. Nikamkumbuka mtafsiri wetu na wodi yake ya harusi.

Lakini nina habari njema kwa waliokuwa kwenye mabenchi siku ile. Mwaka 1973 Duane Jones alirudi katika Ganja & Hess, na safari hii ni mtu asiyeweza kufa. Ni Dakta Hess Green, msomi tajiri, anachomwa na msaidizi wake kwa jambia la kale la Kiafrika, anaamka hana hata kovu, ila ana kiu ya damu. Steringi hafi, walau si kwa jambia. Na kutokufa kwenyewe kunamchosha mpaka huruma. Mkurugenzi, Bill Gunn, ambaye ndiye pia anayeigiza huyo msaidizi, alipewa hela atengeneze picha la wanyonya damu weusi la kuvuna pesa za haraka, kwa sababu mwaka mmoja nyuma Blacula ilikuwa imeuza. Yeye akatengeneza ndoto kuhusu kanisa, uteja na upweke. Lilionyeshwa Cannes. Waliotoa hela walipoona hawajaletewa walichoagiza, wakalikatakata na kuliuza kwa jina jingine, Blood Couple. Nakala nzima ilisalimika kwenye jumba la makumbusho la MoMA, New York.

Mara ya kwanza nililala katikati. Ya pili nililala pia, lakini nikaamka kwenye kwaya ya kanisani na sikulala tena. Ya tatu ndiyo nililipenda. Silipendekezi kwa mtu mwenye haraka, wala kwa mtu anayekula chipsi.

Blacula yenyewe iangalie kwa ajili ya William Marshall. Mwaka 1780 Mwana wa Mfalme Mamuwalde anakwenda Transylvania kumwomba Dracula asaidie kukomesha biashara ya watumwa, na sauti ya Marshall ni nzito kiasi kwamba kiti kinatetemeka. Zile dakika za mwanzo ni dhahabu. Baada ya hapo ni disko, nywele za afro na utani dhidi ya mashoga wawili ambao ulikuwa mbaya wakati ule na leo ni mbaya zaidi. Marshall anaubeba mzigo wote mgongoni peke yake.

Ya kuangalia na wenzako, tena wengi, wapige kelele, ni Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, kwa hela wanayosema haikufika dola 200. Helikopta za kompyuta, bunduki za vyuma chakavu, kung fu ya matope. Waganda wana VJ kama sisi tulivyokuwa na watafsiri, na sauti ya VJ Emmie imo ndani ya picha lenyewe, anashangilia, anakejeli, anakutangazia kwamba mapigano yanakuja. Huwezi kuitoa, kwa sababu picha la asili halipo tena: lilifutwa kwenye kompyuta kupisha kazi nyingine, ikabaki nakala hiyo ya DVD. Na Captain Alex, ambaye jina lake liko kwenye jalada, anauawa katikati, tena hatuonyeshwi na nani. Mpaka mwisho. Nimeliangalia mara nne na bado namshuku kila mtu.

Ambalo silipendekezi, na nimeacha hata kulitaja watu wakiniuliza orodha, ni Cannibal Holocaust ya mwaka 1980. Watu huliuza kwa ile hadithi kwamba mkurugenzi Ruggero Deodato alishtakiwa Italia mpaka ikabidi athibitishe waigizaji wake wako hai. Wanyama hawakubahatika. Yule kobe wa mtoni alichinjwa kweli mbele ya kamera, na hakuna maana yoyote ya kisanaa iliyonirudishia chakula changu cha jioni. Hofu ya kuigiza naipenda kwa sababu ni ya kuigiza.

Sasa kile kiporo. Picha lilipoisha Jumamosi nikamgeukia kaka.

"Mbona hukushtuka?"

"Nilikuwa najua. Niliiona jana yake, shoo ya usiku."

"Jana yake ya lini?"

"Ya 2004, we mtoto."

Nikamwambia haiwezekani, alipiga makofi pamoja na sisi. Akaniambia alipiga makofi kwa sababu mtafsiri alimkodolea macho.

"Na yeye alikuwa anajua?"

"Asijue vipi? Jana yake walimvunjia benchi. Watu wanataka hela zao, picha gani steringi anakufa?"

"Bahati yake basi, umeme ukakatika."

Kaka akacheka mpaka mama akagonga ukuta.

"Ulinunua kashata siku ile tukirudi?"

"Ndiyo. Ile kubwa, iliyoungua pembeni."

"Uliuonaje huo uunguzi gizani?"

Nikanyamaza. Duka la Mpemba lilikuwa linatazamana na kibanda, hatua kumi. Taa yake ilikuwa inawaka. Nikaiona kabisa, na wadudu wanaizunguka.

"Swichi ilikuwa nyuma ya kabati," kaka akasema. "Alizima na fimbo."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuniambia, hata nilipokuwa nawasimulia watu harusi ya wodini mbele yake. Akasema nilikuwa nimelia sana yule kaka mtu alipomburuta dada yake, na nilipotoka pale nilikuwa nacheka. Kisha akasogeza stuli na kuuliza kama ile ya Waganda ninayo.