Kumbukumbu ya mradi: josho la mwisho, na Pamba ameacha kujilamba

Manyoya yameanza kuota tena tumboni mwa Pamba, mmoja wa paka wangu watatu, na upande wa ndani wa mapaja yake, na kwa mara ya kwanza tangu niuanze mradi huu nina jambo la kujivunia. Utitiri wa masikioni uliondoka mapema kwa dawa ya matone, hivyo sitaurudia hapa. Kilichonikosesha usingizi ni mwasho uliobaki baada ya masikio kuwa safi.

Kila ngozi ilipokwanguliwa na kuwekwa chini ya hadubini, hakuna kilichoonekana. Notoedres cati, aina ya utitiri wa ngozi, ingeacha magamba mazito kwenye ncha za masikio na usoni, nayo Cheyletiella, aina nyingine ya utitiri, ingejitokeza pamoja na mba kwenye utepe wa gundi, lakini Pamba hakuwa na lolote kati ya hayo, ila tumbo lililonyonyoka kwa kulambwa. Ulibaki mzio, na nilikuwa nimekwisha kupanga jaribio la chakula la wiki 8, ndipo Simba, paka wangu mwingine ambaye hana undugu wowote na Pamba, alipoanza kujilamba vilevile. Mzio hauambukizi. Jaribio la chakula likafia hapo.

Mshukiwa aliyebaki alikuwa Demodex gatoi, naye pia ni utitiri. Tofauti na Demodex cati, ambaye ni mrefu na hujificha ndani kabisa ya vishimo vya manyoya, gatoi ni mfupi, huishi kwenye tabaka la juu la ngozi, na huhama kutoka paka mmoja hadi mwingine kwa kugusana. Kwa kuwa yuko juu, paka anayewashwa humlamba na kummeza, na kadiri anavyojilamba ndivyo ushahidi unavyopungua mahali hasa ambapo daktari wa mifugo anakwangua. Niliposoma hilo niliacha kufikiria ngozi, nikapeleka kinyesi cha paka wote watatu.

Utitiri ulipatikana kwenye kinyesi cha Kahawa! Huyu hajawahi kujikuna, manyoya yake yanang'aa, na ndiye anayewalamba wenzake kila jioni kama mama mlezi. Iwe ulikuwa wake mwenyewe au aliumeza kutoka kwa wengine, hoja ya kumwacha nje ya tiba kwa sababu anaonekana mzima ilikwisha siku hiyo.

Daktari aliagiza josho la salfa na chokaa la asilimia 2, mara moja kwa wiki kwa wiki 6, kwa paka wote siku ileile. Dawa hii hunuka kama mayai yaliyooza, hugeuza manyoya meupe kuwa ya manjano na huifanya fedha iwe nyeusi, kwa hiyo pete huvuliwa kabla ya kuigusa. Haisuuzwi, wala paka hapaswi kuilamba kabla haijakauka, jambo ambalo katika nyumba ya paka watatu wanaolambana ni vita kamili. Kola ya kitambaa haifai kitu, kwani Simba aliikunja na kuendelea na shughuli zake. Ile ngumu ya plastiki, pamoja na kelele zake zote inapogonga milango, ndiyo iliyofanya kazi. Vilevile, sifongo ni bora kuliko chupa ya kupulizia: mlio wa kupulizia huwatia hofu, na dawa huishia juu ya manyoya bila kufika kwenye ngozi.

Nafuu ya kweli ilionekana katikati ya ratiba, na kishawishi cha kuacha kikaja pamoja nayo, hasa kwa sababu ya ile harufu. Tulimaliza majosho yote. Simba bado ana kipara kidogo kwenye paja moja, ingawa ngozi yake haina wekundu tena. Kinachofuata ni kupima upya kinyesi cha wote watatu, cha Kahawa kikitangulia.