Jokofu la mkaa kwa genge la shangazi: kumbukumbu za ujenzi, Dodoma

Julai

Mradi wa kiangazi hiki ni jokofu la mkaa, yaani kabati lenye kuta za mkaa unaoloweshwa maji, lisilotumia umeme, kwa ajili ya genge la shangazi hapa Dodoma. Anauza mchicha, figiri, matembele na nyanya, na hasara yake kubwa ni mboga zinazolala. Mchicha uliochumwa alfajiri, ikifika jioni umeshalegea. "Mwanangu," ananiambia, "mchicha ukishalala hauna mteja."

Kabla ya kununua chochote nimepima hewa. Nimetundika vipimajoto viwili kivulini. Kimoja nimekivisha utambi wa taa ya chemli, na ncha yake nimeitumbukiza kwenye kikombe cha maji. Kisha nikavipepea. Kikavu kilibaki kwenye nyuzi 28, kile chenye utambi kikateremka taratibu hadi 17 na kugota hapo. Hiyo 17 ndiyo sakafu: jokofu la aina hii haliwezi kushuka chini yake, hata ulijenge kwa ufundi gani. Nafasi ya nyuzi 11 inatosha kabisa, kwa hiyo kazi inaanza. Ingekuwa Dar es Salaam, siku ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, utambi ungegotea kwenye 27 hivi, na huko nisingemshauri mtu anunue hata msumari.

Nasisitiza hili kwa sababu wengi huanza na mbao, hewa wanaikumbuka mwishoni. Kinachoendesha jokofu hili ni ukavu wa hewa. Maji hata yakiwa ya uvuguvugu yanapoza. Chembe za maji zenye kasi kubwa ndizo zinazochomoka na kuwa mvuke, na zinaondoka na nishati. Zinazobaki ni za mwendo mdogo, yaani zimepoa. Hewa ikiwa imeshashiba mvuke, chembe zinarudi majini kwa wingi uleule zinaotoka, na upozaji unasimama.

Joto hilo linalobadili kimiminika kuwa mvuke bila kupandisha kipimajoto ni joto fiche, ambalo Joseph Black alilifanyia utafiti Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1760. Ukubwa wake bado unanistaajabisha. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Lita moja ya maji ikikauka ukutani inachukua joto ambalo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji ya ndoo.

Agosti

Fremu imesimama chini ya mwarobaini, upande unaopata upepo. Kila ukuta una tabaka mbili za wavu wa kuku, zimeachana sentimita 10, na katikati nimejaza chenga za mkaa. Chenga nimezipata kwa bei ndogo kwa wauza mkaa, maana hazifai jikoni. Hapa zinafaa sana: kila kipande kimejaa vitundu vinavyonyonya maji na kuyatandaza kwenye eneo kubwa, huku upepo ukipenya katikati ya vipande.

Paa ni la nyasi nene. Bati lingepata moto na kuushushia ndani kwa mnunurisho (joto linalosafiri bila kugusana, kama la jua), kazi yote ya kuta ikaliwa na paa. Juu ya kuta umelazwa mpira wenye matundu madogo, unaolishwa na ndoo ya lita 20 yenye koki. Koki inafunguliwa kidogo tu, mkaa uwe na unyevu bila maji kuchuruzika chini. Maji yanayodondoka ardhini hayapozi kitu.

Oktoba

Mchana wa leo nje ni nyuzi 31, utambi 19, ndani ya jokofu 22. Nimefurahi mno. Mchicha uliowekwa juzi bado ukivunja bua linalia, na shangazi ameuuza kwa bei ya kawaida. Nyanya ambazo hazijaiva sana zinatulia zaidi ya wiki. Wala nyuzi 22 si haba kwa nyanya: nyanya mbichi ikikaa muda mrefu chini ya nyuzi 12 hivi inaumia, haiivi vizuri.

Vitunguu tumevitoa, vinataka pakavu na humo vinachipua. Nyama na maziwa tumekubaliana visiingie kabisa, maana nyuzi 22 kwa bakteria ni raha tupu.

Aliyenitia moyo tangu mwanzo ni Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria, aliyeweka chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati, akatuzwa Tuzo ya Rolex mwaka 2000. Biringanya zake zilikaa siku 27 badala ya 3. Hewa ya kwao nayo ni kavu.

Novemba

Ukuta wa magharibi umeanza kuota weupe. Ni chumvi: maji ya visima vya hapa yana chumvi nyingi, na maji yanapogeuka mvuke chumvi haiondoki nayo, inabaki kwenye mkaa na kuziba vitundu. Nimevunja kipande kimoja. Ganda jeupe limeingia karibu milimita 2, na ndani kabisa mkaa ni mkavu japo nje umelowa. Nje nyuzi 31 vilevile, ndani sasa 24.

Mvua zikianza Desemba, hewa itajaa mvuke na upozaji utapungua. Muda huo nitautumia kukinga maji ya mvua kwenye pipa, nioshe nayo kuta zote tatu zilizobaki. Mkaa wa ukuta wa magharibi nautoa wote na kuweka mpya. Vipimo vya utambi vinaendelea asubuhi na mchana, nijue ni mwezi gani shangazi afunge koki.