Njiti Moja Pangoni Karura

"Baba mdogo, hili pango linaishia wapi?"

Jumamosi iliyopita, msitu wa Karura, Nairobi, mbele ya pango walilojifichia wapiganaji wa Mau Mau. Kijana wa kaka ana miaka tisa na tayari alikuwa ameingiza kichwa gizani. Nilitaka kumjibu, lakini pua ikanasa harufu ya popo na udongo mbichi, nikajikuta niko 2012.

Siku zile kaka, baba yake huyu kijana, hakuwa na habari nyingine ila mapango. Alikuwa amesoma kuhusu Krubera, kule Abkhazia kando ya Bahari Nyeusi, pango la kwanza duniani ambalo watu walishuka kupita mita 2,000, mwaka 2004. Matatu ikikwama Barabara ya Limuru, alinichorea kwa kidole kwenye ukungu wa kioo. Huku juu mvua, kule chini chemchemi. Maji ya mvua yakipita udongoni huchukua hewa ya kaboni, huwa na ukali kidogo, na huo ukali ndio unaolila jiwe la chokaa hadi maji yapate pa kutokea.

"Kwa hiyo usianze na shimo," aliniambia. "Tafuta chokaa nene mlimani, halafu tafuta chemchemi bondeni. Kina chote kimo kati ya hapo."

Kule kwenye mlima wa Arabika, liliko Krubera, chokaa inapanda zaidi ya mita 2,000 na maji yake hutokea ufuoni mwa Bahari Nyeusi. Mwaka 1984 watafiti walitia rangi kwenye maji ya juu, ikaibukia pwani. Walijua kina kipo miaka ishirini kabla ya mtu kukifikia. Jambo hilo lilimnyima kaka usingizi.

Na alijua vizuri kwamba Nairobi imekaa juu ya lava na majivu ya volkano, si chokaa. Bado alikwenda soko la Gikomba akanunua kamba ya mita 30.

Tuliingia pango hili hili mimi na yeye, tochi moja. Mwishoni, paa liliposhuka karibu kugusa sakafu, palikuwa na ufa wa upana wa kiganja. Kaka alilala kifudifudi na shati lake la kazini, akaingiza mkono hadi begani. Akautoa. Akaniambia nizime tochi. Pango lenye njia ndefu nyuma yake hupumua, alisema, na moto huuona upepo ambao ngozi haiuhisi. Akawasha njiti ya kiberiti, akaisogeza kwenye ufa.

Moto ulisimama wima.

Niliuona uso wake kwa mwanga ule, jasho puani, macho hayapepesi. Njiti iliteketea hadi vidoleni, hakuitupa. Akawasha ya pili. Wima. Ya tatu akaishika muda mrefu zaidi, amebana pumzi ili asiusumbue moto, nami nikabana yangu. Sijawahi kumwombea mtu upepo kama nilivyomwombea siku ile.

Tukirudi nyumbani alinieleza habari za Leviathan, kule vilima vya Chyulu, handaki la lava lenye urefu wa zaidi ya kilomita 10. Linashuka takribani mita 400, kwa sababu tu lava iliteremka na mlima. Lava ikishapoa haichimbi tena, alisema. Maji kwenye chokaa hayajaacha kuchimba hata leo. Kamba aliibeba begani, haijafunguliwa.

Hakuwahi kushuka pango la chokaa. Yaliyofuata sitayaeleza hapa.

Kamba iko kwangu. Jumamosi sikwenda nayo, wala kiberiti. Nilimwonyesha kijana ule ufa, nikamweleza habari za chokaa na lava, nikamwambia pango linaishia hapo. Alilala kifudifudi bila kuambiwa, akabandika shavu kwenye jiwe, akanyamaza muda mrefu.

"Baba mdogo," akasema, "kuna upepo."

Nilipiga magoti kando yake, nikaweka kiganja. Sikuhisi kitu. Akanitazama akingoja, nikakiacha kiganja pale pale.