Tulivyoinua kitanda, chumba kikapata nafasi

Tunaishi Mbagala, chumba kimoja cha futi 10 kwa 11: mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka minne. Mama alipokuja kutoka Korogwe mwaka juzi alilala kwa jirani, maana sakafuni kwetu hapakuwa na pa kutandika hata mkeka. Niliumia sana. Mama mzazi anasafiri kuja kwako, halafu unamlaza kwa watu!

Kesho yake nikapima chumba. Kitanda chetu cha 5 kwa 6 peke yake kilikula futi 30 za mraba kati ya 110, na uvungu wake ulikuwa wa inchi 9 tu, haupitishi kitu zaidi ya viatu na ungo. Madumu matano ya maji, ndoo, masufuria makubwa na begi la nguo za sikukuu, vyote vilikaa sakafuni.

Tukainua kitanda kwa matofali ya kuchoma, mawili mawili kila mguu. Usiku uleule mguu mmoja ukateleza. Namshukuru Mungu mtoto hakuumia. Fundi seremala wa mtaani alipoona akatikisa kichwa: "Dada, hayo ukiyapandanisha yanacheza. Nunua manne ya saruji, yale ya inchi sita, uyasimamishe kwa ubavu. Yanakupa inchi tisa." Akatengeneza fremu za mbao zinazokumbatia tofali kwa chini na mguu wa kitanda kwa juu. Hakijatikisika tena mpaka leo.

Sasa uvungu una inchi 18, na dumu la lita 20 linaingia likiwa limesimama. Begi nililiweka juu ya vipande vya mbao, kwa sababu masika sakafu yetu hutoa unyevu na nguo zilishawahi kuota ukungu. Mbele nikatundika kanga kwenye kamba.

Mtungi mdogo wa gesi ungeenea humo, lakini sikuthubutu, nawe usithubutu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutuama chini, na uvungu uliofunikwa kanga ungeikusanya palepale tunapolala. Wetu uko koridoni, ninakopikia.

Makochi mawili tuliyauza. Hilo lilichukua mwezi mzima, mume wangu akiuliza wageni watakaa wapi. Wanakaa kwenye mkeka, na mito ipo. Mabegi ya safari yako juu ya mlango, kwenye kichanja alichokipiga fundi yuleyule baada ya baba mwenye nyumba kuturuhusu kugonga misumari ya zege.

Desemba mama alirudi. Jioni tukasogeza meza ndogo, tukamtandikia godoro pale makochi yalipokuwa. Alikaa wiki mbili. Usiku wa kwanza nilimsikia akivuta shuka na kunong'ona dua zake, hatua mbili tu kutoka nilipolala.